Kwenda Tamasha la Fasihi na Kurudi na Kitu: Mwongozo Kamili

Tamasha la kwanza la fasihi nililokwenda, nilikaa kwenye vikao saba kwa siku moja. Nilikuwa nimelipia pasi ya siku nzima na sikutaka hata saa moja inipite. Usiku, nikiwa kitandani na ratiba iliyokunjamana mkononi, nilimpigia mwenzangu simu nimsimulie. Kikao cha kwanza nilikisimulia vizuri. Cha pili, nusu. Kuanzia cha nne nilikuwa na majina ya waandishi tu, sikukumbuka hata moja walilosema. Watu waliokaa miaka na kitabu kimoja walikuwa wamenieleza kazi yao ana kwa ana, na maneno yao yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Nimehudhuria matamasha mengi tangu siku ile, na karibu kila nitakalokuambia hapa linatokana na nililojifunza usiku huo: tamasha humfaa anayechagua machache akatulia nayo. Mtaka yote hukosa yote. Mwongozo huu ni wa msomaji, ila kuna sehemu ya wanaoandika pia, maana najua wengi wenu mna mswada mahali fulani unaosubiri kumaliziwa.

Jua kwanza ni tamasha la namna gani

Jina halikuambii mengi. Maonyesho ya Vitabu ya Frankfurt, Ujerumani, yaliyoanza kwa sura yake ya sasa mwaka 1949, kwanza kabisa ni soko: wachapishaji na mawakala wanaowawakilisha waandishi hukutana kuuziana haki za kuchapisha na kutafsiri, na siku za mwanzo huwa ni za watu wa biashara hiyo. Msomaji wa kawaida atafaidi zaidi siku za mwisho, milango inapofunguliwa kwa wote. Tamasha la Cheltenham, Uingereza, lilianza mwaka huohuo wa 1949, lakini pale shughuli yenyewe ni mazungumzo kati ya mwandishi na hadhira. Hargeysa, Somaliland, tangu 2008, huitwa maonyesho ya vitabu, ila ukifika unakuta mijadala na mashairi, pamoja na mada ya mwaka na nchi inayoalikwa kuwa mgeni.

Yapo yaliyobobea. Medellín, Kolombia, tangu 1991, ni ushairi mtupu. Angoulême, Ufaransa, tangu 1974, ni vitabu vya katuni, na huko kusainiwa kitabu mara nyingi maana yake ni mchoraji kukuchorea picha palepale ukurasani, hivyo foleni ya watu ishirini inaweza kula asubuhi yako nzima. Tamasha la Aké, lililoanzishwa Nigeria mwaka 2013 na mwandishi Lola Shoneyin, huchanganya vitabu na sanaa nyingine kama tamthilia, filamu na muziki. La Paraty, Brazili, tangu 2003, kwa kawaida humuenzi mwandishi mmoja linapofanyika. Aliyemsoma mwandishi huyo kabla ya kufika ameshika ufunguo wa mazungumzo mengi ya siku zile.

Kwa hiyo kabla hujalipa chochote, tafuta ratiba ya mwaka uliopita uisome kama unavyosoma jedwali la yaliyomo. Hesabu: mazungumzo ya mtu mmoja mmoja ni mangapi, mijadala ya jopo mingapi, warsha ngapi, vikao vya watoto vingapi, usomaji wa mashairi saa ngapi. Baada ya robo saa utajua kama tamasha hilo ni lako, na kama ni lako, siku zipi zinakufaa. Wengi hununua tiketi kwa kuvutiwa na jina moja kubwa kwenye bango, kisha wanakuta yaliyobaki hayawahusu.

Ratiba ikitoka

Isome mara mbili, kwa siku mbili tofauti. Siku ya kwanza weka alama kila kinachokuvutia. Siku ya pili futa nusu. Kipimo changu ni kujiuliza: nikikosa kikao hiki, nitajuta baada ya mwezi? Kama jibu ni "labda", nakifuta.

Halafu fanya hesabu ndogo ambayo watu wengi hawaifanyi. Kikao cha kawaida ni saa moja. Toa dakika tano za utambulisho, toa kumi na tano za maswali, unabaki na arobaini. Jopo likiwa na watu wanne, kila mmoja ana dakika kumi, na hizo ni kama hakuna mwenye maneno mengi kuliko wenzake. Basi mwandishi unayempenda kwa dhati mtafute kwenye mazungumzo ya peke yake. Jopo liache kwa ajili ya mada unayotaka kuisikia ikivutwa huku na kule, na kwa ajili ya kugundua majina mapya.

Angalia pia jina la mwendesha mjadala, lile dogo lililoandikwa chini. Kwangu jina hilo ni muhimu karibu sawa na la mwandishi. Mwendesha mjadala aliyesoma kitabu mpaka mwisho atamtoa mwandishi kwenye majibu aliyoyazoea. Asiyesoma atauliza yaliyo kwenye jalada la nyuma, na hata mwandishi hodari hatakuwa na pa kwenda. Mtafute kwenye intaneti, sikiliza dakika kumi za mahojiano aliyowahi kuyaendesha. Nimewahi kuhamia kikao cha mwandishi nisiyemjua kwa sababu tu nilijua nani atakuwa anauliza, na sikujuta.

Warsha zikate tiketi kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Huwa na viti vichache na hujaa mapema, wakati ukumbi mkubwa unaweza kubaki na nafasi hadi asubuhi ya siku yenyewe. Tena warsha kwa kawaida hairekodiwi. Jambo hili lizingatie katika uchaguzi wako wote: matamasha mengi sasa huweka mazungumzo ya kumbi kubwa kwenye mtandao (la Jaipur, India, lililoanza 2006, lina mengi sana kwenye YouTube), kwa hiyo vikao viwili vikigongana, ingia kile ambacho hakitapatikana tena. Kingine utakisikiliza nyumbani.

Kama fedha ni kikwazo, uliza mambo matatu kabla ya kukata tamaa: kuna vikao vya bure, kuna punguzo kwa wanafunzi au wasio na ajira, na wanahitaji watu wa kujitolea? Anayejitolea hukaa mlangoni au hubeba kipaza sauti, na kwa kawaida huruhusiwa kuingia vikao asipokuwa zamu. Mwenye ulemavu, au anayehitaji mkalimani wa lugha ya alama, na awaandikie waandaaji mapema, kwa maandishi, akitaja kikao na saa. Ombi la jumla husahaulika. Lenye kikao na saa humfikia mtu wa kulitekeleza.

Kusoma kabla ya kwenda

Hapa ndipo tamasha linapopatikana au kupotea. Mwandishi akizungumzia kitabu ambacho hujakifungua, unasikia maelezo. Akizungumzia kitabu ulichokisoma wiki iliyopita, kila sentensi yake inagonga kitu ndani yako: kumbe alikusudia hivi, kumbe ile sura iliyonichosha yeye mwenyewe ilimsumbua.

Sisemi usome vyote. Chagua waandishi watatu kati ya utakaowasikiliza, soma kitabu kimoja cha kila mmoja, taratibu, kalamu mkononi. Wengine wasomee kurasa thelathini za mwanzo au hadithi fupi moja. Wa ushairi, chukua mashairi mawili uyasome kwa sauti mpaka ulimi uyazoee. Ukija kumsikia mtunzi mwenyewe akiyaghani utagundua amevuta pumzi mahali ambapo wewe hukuvuta, na hapo utaanza kuuliza kwa nini.

Unaposoma, andika maswali pembeni ya ukurasa. Usiyatafute, yaache yaje. Mengi yatajibiwa na kitabu chenyewe kurasa ishirini mbele. Yale matatu au manne yatakayobaki mpaka mwisho bila jibu, hayo ndiyo ya kwenda nayo.

Mkobani

Daftari dogo lenye jalada gumu, kwa sababu utaandikia magotini. Kalamu mbili. Chaja ya ziada ya simu. Maji. Nguo ya kujifunika, kwani kumbi huwa na baridi na mahema huwa na upepo. Viatu ulivyovizoea. Mfuko mtupu wa vitabu. Na ratiba ya karatasi iliyowekwa alama, maana mtandao wa simu mahali penye maelfu ya watu hukwama.

Siku yenyewe

Vikao vitatu kwa siku. Vinne kama kimojawapo ni kifupi. Najua inavyouma kuona vingine vinakupita, hasa ukiwa umesafiri mbali, lakini akili inayosikiliza kwa makini huchoka kama mguu. Kati ya kikao na kikao acha saa nzima bila kitu. Saa hiyo ina kazi zake: dakika kumi za kuandika ulichokisikia, kisha kutembea, kukaa mezani na mgeni, kupekua vitabu bila kununua.

Fika ukumbini dakika ishirini kabla. Kaa safu ya tatu au ya nne, pembeni mwa njia: unaona uso wa mwandishi, unafikiwa na kipaza sauti, na unaweza kutoka bila kusumbua safu nzima. Safu ya nyuma kabisa ina mlango unaofunguliwa kila dakika na minong'ono ya wanaopanga kuondoka.

Kikao kisipokuwa na kitu, ondoka. Subiri pengo, yaani watu wakipiga makofi au mzungumzaji akibadilishwa, kisha toka kimya. Saa yako ina thamani. Ila kipe dakika kumi na tano kwanza. Waandishi wengi hawajazoea jukwaa na huchelewa kupata sauti yao.

Simu izime, isiwe kwenye mtetemo tu. Kama unataka picha, piga moja mwanzoni uiweke mfukoni.

Namna ya kuandika unachosikia

Nilikuwa naandika kila neno. Daftari lilijaa na kichwa kikabaki kitupu, kwa kuwa mkono ulikuwa unakimbiza sentensi iliyopita wakati masikio yalipaswa kuwa kwenye inayofuata. Sasa ukurasa wangu naugawa kwa mstari mmoja wa wima. Upande wa kushoto, mwembamba, naandika maneno ya mwandishi yale tu yaliyonishtua, kama alivyoyasema, mara nyingi si zaidi ya matano kwa kikao. Upande wa kulia, mpana, naandika yangu: nililolikumbuka, ninalolipinga, kitabu kingine kilichonijia, jina la kutafuta. Juu kabisa tarehe, jina la kikao na jina la mwendesha mjadala.

Ukiangalia kurasa hizo baada ya mwaka, upande wa kulia ndio utakaokurudisha ukumbini.

Kikao kikiisha, kabla hujafungua simu, kabla hujamwambia mtu "ilikuwa nzuri", kaa kitini dakika mbili uandike sentensi moja: nimetoka na nini? Sentensi moja tu. Ukishindwa kuiandika, hiyo nayo ni taarifa, iandike vilevile.

Kuuliza swali

Kuuliza si ujinga, na naamini swali zuri kutoka kwenye viti ni zawadi kwa ukumbi mzima. Lakini muda wa maswali ni robo saa, na kwa robo saa hiyo watauliza watu watano au sita. Mtu mmoja akisimama akaanza na historia yake, akapitia sifa kwa mwandishi, akamalizia na maoni yake kuhusu jamii, watu wawili walioshika maswali yao vifuani watarudi nayo nyumbani. Nimekuwa mmoja wa hao wawili zaidi ya mara moja na inaumiza.

Andika swali lako kabla kipaza sauti hakijaanza kuzunguka. Lisome kimya. Kama lina sentensi zaidi ya mbili, likate. Sentensi ya kwanza imuonyeshe mwandishi mahali: sura, mhusika, mstari. Ya pili iulize. Ukifika kwenye alama ya kuuliza, nyamaza, rudisha kipaza sauti, kaa.

Nitakuonyesha kwa mfano. Mwandishi mmoja wa riwaya, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya chini, alikuwa ameulizwa mara mbili mahali alipopata wazo la kitabu chake, na mara zote mbili alijibu kwa jibu lilelile ambalo bila shaka alishalitoa kwenye kumbi kadhaa. Zamu yangu ilipofika nilisema: "Kuanzia sura ya tatu mama wa kwenye riwaya haongei tena mpaka mwisho. Ulijua tangu mwanzo kwamba atanyamaza?" Akavua miwani, akaishika mkononi. Akasema hapana. Katika mswada wa kwanza yule mama alikuwa akiongea kurasa na kurasa, na yeye mwandishi alizipenda sana kurasa zile. Kisha siku moja akazisoma kwa sauti akasikia kwamba mama hakuwa akisema hata neno moja la kwake. Yote yalikuwa ya mwandishi. Akayafuta yote ndani ya wiki moja, na kitabu, alisema, kilianza hapo.

Sikuwa na ujuzi wowote wa pekee. Nilikuwa nimesoma, na nilikuwa nimeuliza jambo ambalo yeye peke yake angeweza kulijibu. Hicho ndicho kipimo: kama jibu linaweza kupatikana kwenye jalada la nyuma au kwenye mahojiano ya zamani, lihifadhi swali lako. Maswali kuhusu kilichofutwa, kilichokuwa kigumu, kilichobadilika kati ya rasimu na rasimu, mara nyingi hufungua mlango.

Usipopata nafasi, usihuzunike. Swali hilohilo linakwenda vizuri kwenye foleni ya saini.

Vyumba vidogo

Kama utafuata ushauri mmoja tu kwenye mwongozo huu, ufuate huu: kila siku ya tamasha, ingia kikao kimoja ambacho hakina jina unalolijua, kwenye chumba kidogo kuliko vyote.

Hasa vikao vya wafasiri. Kuna aina moja ambayo naipenda kuliko zote: wafasiri wawili hupewa ukurasa uleule wa kazi moja, kila mmoja akautafsiri peke yake, halafu hukaa mbele ya watu matoleo yote mawili yakiwa yamechapwa sambamba kwenye karatasi, wakatetea kila chaguo. Niliingia kimoja tulichokuwa watu kumi na wawili. Mahali fulani mhusika anaacha kusema. Mmoja aliandika "alinyamaza", mwingine "alikaa kimya". Walikaa kwenye maneno hayo karibu dakika ishirini. Wa kwanza alisema anayenyamaza ameamua. Kulikuwa na neno mdomoni akalizuia. Wa pili alisema ndiyo maana hakulitumia, kwa sababu mhusika yule hakuwa na neno la kuzuia, kimya kilikuwa kimemkalia tayari. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza, kwani katika lugha ya asili mtu huyo alisimama au alikaa? Wote wawili wakageukia kitabu. Nilitoka pale nikiwa nasoma kila kitabu kwa jicho jingine, na naamini wale kumi na mmoja wenzangu pia.

Vilevile usiogope ushairi wa lugha usiyoijua. Medellín, washairi kutoka nje husoma kwanza kwa lugha zao ndipo tafsiri ya Kihispania ifuate. Ukikutana na utaratibu huo popote, usisubiri tafsiri ukiwa unaangalia simu. Sikiliza pumzi, urari, mahali sauti inaporudi. Tafsiri ikija utakuta tayari una nusu ya shairi.

Foleni ya saini

Mwandishi anayesaini amechoka, amekaa kwenye kiti kigumu, na ana watu sitini mbele yake. Una kama nusu dakika. Itumie vizuri.

Ukiwa kwenye foleni, andika jina lako kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, kisha kichomeke kwenye ukurasa wa ndani wenye jina la kitabu na la mwandishi, maana hapo ndipo waandishi wengi husaini. Karatasi hiyo inamwokoa mwandishi kuuliza tahajia ya jina lako na inakupa sekunde kumi zaidi za kuzungumza. Kitabu kikifika mkononi mwake kikiwa kimefunguliwa tayari, atainua uso akuangalie.

Sema kitu kimoja mahsusi: "Ukurasa wa barua ile, niliusoma mara tatu." Mwandishi husikia "kitabu kizuri sana" siku nzima, ukurasa wa barua atausikia kutoka kwako tu. Uliza swali lako kama unalo. Shukuru, nenda. Kama una vitabu vitano vyake, toa viwili, kisha uone foleni ikoje. Na nunua angalau kimoja kwenye meza ya vitabu ya tamasha, kwa sababu mauzo hayo ni sehemu ya kinachofanya wachapishaji wakubali kumsafirisha mwandishi tena.

Usiache kuongea na watu wa mbele na nyuma yako. Nimepata marafiki wa kudumu kwenye foleni kuliko kwenye kumbi, kwa sababu mtu aliyesimama mbele yako tayari mna kitabu kimoja cha kuzungumzia. "Umeanza na kipi cha kwake?" inatosha kufungua maongezi. Anayekwenda tamasha peke yake asijione amepungukiwa. Wawili hukaa wakiongea wao kwa wao, mmoja hukaribishwa.

Kama unaandika

Acha mswada nyumbani. Hakuna mhariri wala wakala anayetaka kubeba kurasa mia tatu kwenye begi lake, na kumpa mtu mzigo asiouomba ni kumweka pabaya. Kuna wanaofanya hivyo hata msalani, nimeshuhudia, na aliyefanyiwa hakusahau, ila si kwa wema.

Nenda badala yake na sentensi mbili kuhusu kitabu chako, ulizozisema kwa sauti mpaka zimelainika: ni cha nani, anataka nini, nini kinamzuia. Usizitoe mpaka uulizwe. Utaulizwa, kwa sababu watu wa vitabu huuliza "na wewe unaandika?" Mhariri akionyesha kupendezwa, uliza njia anayopenda kupokea kazi, andika jibu lake mbele yake, simama hapo. Wiki moja baadaye muandikie ukitaja kikao mlichokutana.

Vikao vya wachapishaji wadogo, wahariri na wasanifu wa majalada huwa na watu wachache na husema mambo ambayo kumbi kubwa hazisemi: mswada hukaa kwao muda gani, wanakataa kwa sababu zipi, mkataba unagawanya vipi haki za tafsiri. Keti hapo na daftari. Kama kuna jukwaa huria la jioni, jiandikishe. Soma dakika tatu, usome kipande kilichokamilika, na umalize kabla ya muda wako. Kusikia sentensi zako zikitua kwenye ukumbi wa watu usiowajua kutakuonyesha, bila mtu kukuambia, ni ipi iliyo ndefu mno.

Ukiwa na watoto

Kikao kimoja kwa siku kinawatosha. Chagua cha kuchora au kusimuliwa hadithi, kaeni karibu na mlango, na mwache mtoto achague kitabu chake mwenyewe mezani hata kama kwako hakina maana. Swali la mtoto kwa mwandishi mara nyingi ndilo linalofanya mwandishi acheke na kusema kweli. Msaidie kulishika, usimtungie.

Wiki inayofuata

Siku moja baada ya kurudi, kaa na daftari. Saa moja inatosha. Nakili zile sentensi moja moja za mwisho wa kila kikao kwenye karatasi moja, ukianza na ile iliyokukaa zaidi. Majina ya vitabu yaliyotawanyika pembeni mwa kurasa yakusanye kwenye orodha, kisha ikate yabaki matano.

Waandikie watu mliobadilishana mawasiliano ndani ya siku hizo saba, mistari mitatu tu, ukitaja mlichokuwa mkiongea. Ikipita wiki ya pili hutaandika tena. Najua kwa sababu nina majina kwenye madaftari ya zamani ambayo sikumbuki nyuso zake.

Vikao ulivyovikosa vitafute mtandaoni, kimoja kwa wiki. Kaa navyo kama ulivyokaa ukumbini, daftari likiwa na mstari wake wa wima.

Na vile vitabu ulivyorudi navyo, usivipange rafuni. Kiache juu ya meza kile cha mwandishi wa chumba kidogo, yule ambaye hukuwahi kumsikia, kikiwa na kipande cha karatasi chenye jina lako bado kimechomekwa ndani. Anza na hicho, usiku huohuo, wakati sauti yake bado iko masikioni.